Zimwi letu lilichekwa: tutafute hela za zimwi jingine?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Mikindani, Mtwara. Mimi na wenzangu sita tulichanga laki nane tukatengeneza filamu ya dakika 18, kwa simu, kutokana na ile ngano ya binti aliyetiwa na zimwi ndani ya ngoma. Tulitaka itishe lakini iwe kama ndoto, si zile za mganga na radi. Tukaionyesha kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Mwanzo watu walitulia kabisa. Zimwi lilipotokea wakaangua kicheko, na hawakunyamaza tena mpaka mwisho. Mwenzangu mmoja anasema tutafute hela ya kompyuta na programu tuweke zimwi la maana. Nimekutumia filamu uitazame. Je, tutafute hizo hela, au tatizo ni jingine?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimeitazama mara tatu, ya mwisho nikiwa nimezima sauti. Hela msitafute. Zimwi la laki nane na zimwi la milioni mia yote yanachekwa yakija mahali pasipo pake, na lenu lilikuja pasipo pake.

Nenda dakika ya 6. Binti anarudi mwambani kuchukua kauri yake, na zimwi, mliloshona kwa magunia ya korosho, limekaa juu ya jiwe. Mmelipiga picha kuanzia miguuni mpaka kichwani, jua likiwa bado linawaka, kwa sekunde 22. Nilizihesabu. Kwa muda wote huo mtazamaji hana kazi nyingine ila kulikagua, na mtu wa Mtwara analijua gunia la korosho kuliko anavyomjua shangazi yake. Akishaona mshono mmoja, anaanza kutafuta mingine. Hapo hayupo tena kwenye ngano, yupo kwa fundi cherehani. Wale waliocheka hawakuwa wakorofi. Mliwapa kitu cha kukagua, wakakagua.

Sasa turudi kwenye ngano yenyewe, maana naona mmeishika mkia mkaacha kichwa. Mabinti wanakwenda kuokota kauri maji yakiwa yamekupwa. Mmoja anasahau yake juu ya jiwe. Wenzake hawataki kumsindikiza, anarudi peke yake huku akiimba ili asiogope. Zimwi linamkuta, linamtia ndani ya ngoma, linazunguka naye kijiji hadi kijiji. Likifika mahali linapiga ngoma, binti anaimba, watu wanashangaa utamu wa ngoma, wanalilisha zimwi. Siku moja linaingia kijijini kwa akina binti. Mama anasikia sauti ya mwanawe ikitoka ndani ya ngozi ya ngoma.

Hapo ndipo penye filamu. Mama amejua, na hawezi kusema. Akipiga kelele, zimwi linakimbia na ngoma yake. Lazima amkaribishe mgeni, ampikie, amlishe, amnyweshe pombe mpaka alale, huku mwanawe akiwa mle ndani, kiu imemshika, hajui kama nyumba hiyo ni ya kwao. Kila mzazi aliyekaa kwenye lile benchi la kibanda umiza angekufa ganzi. Ninyi mmeipa sehemu hiyo sekunde 40, na mama mmemfanya apige ukunga.

Mimi ningeipiga hivi. Mama yupo uani anabangua korosho. Sitaonyesha uso, nitaonyesha mikono tu: imepakwa majivu, lakini mafuta ya ganda yameshapenya, vidole vimekuwa vyeusi kwenye ncha na ngozi imebambuka pale yalipomuunguza. Jiwe linagonga ganda. Nje ya picha ngoma inaanza, wimbo unaingia. Mstari wa kwanza, mikono inaendelea. Kwenye mstari wa pili jiwe linabaki juu, halishuki. Nahesabu mpaka tano. Jiwe linashuka, linagonga kama lilivyokuwa likigonga mwanzo. Halafu sauti ya mama, ya kawaida kabisa, sauti ya kumkaribisha jirani: "Karibu mgeni. Utasubiri ugali wa muhogo, au nikupe cha jana?" Zimwi halijaonekana bado. Nakuhakikishia hakuna atakayecheka, na hakuna gunia hata moja lililotumika.

Umesema mlitaka iwe kama ndoto. Kwenye filamu yenu naona ndoto mmeielewa kama ukungu, picha inayumba, rangi ya zambarau, na binti kuuliza kila mara "Niko wapi? Hiki ni nini?" Ndotoni mtu haulizi. Unaota umekaa na marehemu babu mnakula wali, na kinachokusumbua ni kwamba wali umepoa. Ngano zetu zinasimuliwa kwa tabia hiyohiyo, na bibi zetu hawakuhitaji moshi wa mashine. Angalia ile simulizi ya asili ya Wamakonde. Mtu mmoja anaishi porini peke yake, haogi, hanyoi nywele. Anachonga sanamu ya mtu kutoka kwenye mti, anaisimamisha kwenye makazi yake, anakwenda kulala. Usiku sanamu inakuwa mwanamke hai. Hakuna anayeshangaa! Simulizi haipotezi hata sentensi moja kueleza mti ulipataje pumzi. Inakwenda moja kwa moja kwenye msiba: wanakaa karibu na mto, mtoto wa kwanza anazaliwa amekufa, wanahama, wa pili naye anakufa, mpaka wanapopanda juu kwenye uwanda ndipo wa tatu anaishi, na ndiyo maana wazee wakakataza watu kukaa mabondeni. Karl Weule, Mjerumani aliyepita Makondeni mwaka 1906, aliiandika simulizi hiyo. Na sikia hili, kwa kuwa wengi husema filamu ni kitu cha Dar: huyo bwana alikuja na kamera ya filamu, akapiga ngoma za huko. Kwa hiyo kamera ilifika bara ya Lindi na Mtwara kabla mababu wa wengi wanaotupangia leo hawajaiona.

Kazi yenu, basi, ni kufuta maswali yote ya binti. Futeni pia yule mzee wa dakika ya 15 anayeeleza kwamba zimwi lilikuwa laana ya ukoo. Nani alimuuliza? Ngano ina sharti: usirudi peke yako kuchukua ulichosahau. Sharti limevunjwa, yaliyofuata yamefuata. Ukishaleta mtu wa kueleza, mtazamaji anapumua, na kwenye filamu ya kutisha pumzi ya mtazamaji ni mali yako. Usiirudishe mapema.

Kuhusu bajeti nitakupa mfano mmoja wa mbali, kisha turudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Herk Harvey, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kutengeneza filamu za mafunzo na za viwandani huko Lawrence, Kansas, alichukua likizo ya wiki tatu akapiga filamu inayoitwa Carnival of Souls. Iligharimu kama dola 33,000, ambazo hata kwa wakati ule kwenye sinema za Marekani zilikuwa hela ya karanga. Hakuanza na hadithi. Alianza na mahali: alipita kando ya ziwa la chumvi la Utah akaona jumba la starehe la Saltair limeachwa tupu, ndipo akamwomba mwenzake amwandikie kisa kitakachoishia pale. Vizuka vyake ni watu waliopakwa unga mweupe usoni, na mkuu wa vizuka ni yeye mwenyewe. Lakini sehemu inayotisha kuliko zote haina kizuka hata kimoja. Mwanamke yupo dukani, ghafla sauti zote za mji zinakatika, anaongea na watu hawamsikii. Hilo halimgharimu mtu senti: unafuta sauti, basi. Zinaporudi, zinarudi na mlio wa ndege.

Sasa wewe uko Mikindani, una nyumba za mawe ya matumbawe zilizoanguka paa, milango ya nakshi inayofungukia kwenye vichaka, na ghuba inayokauka ukiiangalia. Halafu mkaenda kupiga chumbani kwa rafiki yenu, nyuma kuna kalenda ya benki!

Nikupe habari ya maji, kwa sababu hapo mna utajiri mnaoukanyaga. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, pwani yetu maji hufika mwisho wa kupwa kwenye saa nne au saa tano, asubuhi na usiku, na kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika kama 50. Kwa hesabu hiyo, ukirudi nyuma siku nne au tano kabla ya mwezi mpevu, kupwa kunaangukia kwenye saa kumi na mbili, alfajiri na magharibi. Siku hizo maji hayaendi mbali kama bamvuani, lakini unapata mchanga mtupu wenye vidimbwi, jua limezama, na mwezi tayari uko juu. Muulize mvuvi yeyote hapo Mikindani, atakupangia tarehe vizuri kuliko mimi. Kwetu giza haliji polepole. Jua likishazama una dakika kama 20 ambazo mbingu bado ina mwanga na nchi haina. Binti arudi mwambani katika dakika hizo. Zimwi nalo liwe mbali, alama nyeusi tu juu ya jiwe jeusi, kiasi kwamba nusu ya watazamaji hawataliona mpaka litakapogeuza kichwa. Fanyeni mazoezi siku mbili kabla, kwa sababu mtapata picha mbili au tatu tu kwa jioni moja. Rudini kesho yake, mkikumbuka ule mchelewo wa maji.

Mkishindwa kabisa, kuna ujanja wa zamani wa kugeuza mchana kuwa usiku. Siku ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yamekupwa na jua ni kali. Simama ukilielekea jua, mbingu isiingie kwenye picha, shusha mwanga wa kamera mpaka watu wabaki vivuli, na rangi ya mwanga uiweke kwenye alama ya balbu ili picha iwe ya bluu. Mchanga uliolowa unang'aa kama una mbalamwezi. Ni usiku wa uongo, na kila mtu anajua ni wa uongo, na kwa ngano hilo ni jambo jema.

Simu yenu ina tabia mbaya ya kusaidia bila kuombwa. Kila binti anapogeuka, inaongeza mwanga yenyewe, giza lote linakuwa kijivu. Funga mwanga na fokasi kabla hujaanza kupiga. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya nyumba weka picha 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Mkiacha simu ichague, taa zitachezacheza kama zilivyofanya jikoni kwenye dakika yenu ya 12. Au zimeni taa za umeme, tumieni chemli. Kata umbo la zimwi kwenye boksi gumu, lisimamishe kati ya chemli na ukuta wa matumbawe. Ukuta ule hauko sawa, una mashimo na vichuguu, kivuli kinapita juu yake kikijikunja chenyewe.

Umbo lenyewe msilitafute kwenye filamu za nje. Nendeni kwa wachongaji mkaangalie vinyago vya shetani, mtindo ulioshika kwa Wamakonde tangu miaka ya 1950. Jicho moja, mdomo ubavuni, mkono unaotokea pale ulipotegemea goti. Hao walishamaliza kazi mnayohangaika nayo. Lakini lipiko, ile sura ya kuvaliwa kwenye ngoma, iacheni. Lipiko lina wenyewe. Linahusu jando na wafu, na kuna vijiji ambavyo mpaka leo aliyevaa hatajwi mbele ya wanawake na watoto. Mkilivisha zimwi lenu la kula watu, wazee wa Newala hawatacheka kama wale wa kibandani.

Sauti ndiyo imeniuma zaidi. Mmebandika muziki wa piano uliopakuliwa mtandaoni, ule ule unaosikika kwenye filamu mia nyingine. Nunueni ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, ya kuchemsha, pale stendi. Mmoja akae chumba kisicho na dirisha, godoro ukutani, simu nyingine iwe sentimita kumi kutoka vidoleni, amenye polepole. Ile ngozi nyembamba inapoachana na nyama yake! Nilifanya hivyo kwa mhariri mwenzangu bila kumwambia ni nini, akavua spika za masikioni akaniuliza nimetoa wapi sauti ya mtu anachunwa. Zimwi likiwa linakula kwa mama, picha ibaki kwenye mikono ya mama, masikioni tuwe na ming'oko. Wimbo wa binti nao mmeurekodi chumbani halafu mkauongezea mwangwi wa kompyuta. Mwambieni aingize kichwa ndani ya simtank tupu aimbe taratibu. Plastiki ile inarudisha sauti kama ya mtu aliyezikwa karibu. Upepo wa kusi ukiwa mkali msirekodi maneno ufukweni kabisa. Pigeni picha, maneno mtayarekodi usiku ndani, kanga mbili juu ya simu.

Kuna jambo moja kwenye filamu ambalo sitalichekea. Bibi wa dakika ya 9, mwenye macho mekundu, ambaye kamera inamfanya mchawi kabla hajafungua mdomo. Mtoeni. Macho yale ni ya moshi wa kuni, miaka 50 ya kupuliza mafiga, na katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu hiyo na si nyingine. Vivyo hivyo msifikirie hata siku moja kumtumia mtu mwenye ualbino kama kitu cha ajabu kwenye filamu ya kutisha. Ngano yenu tayari ina zimwi, haihitaji jirani wa mtu.

Tena kabla hamjatoka usiku na kamera, waambieni watu. Miaka ile naanza, tulikwenda kupiga picha za usiku pembezoni mwa kijiji kimoja cha Lindi, watu wanne, taa kubwa, damu ya rangi kwenye dumu la lita tano. Hatukuwa tumemwona mtu yeyote mchana. Saa sita hivi tukazungukwa. Kwao hatukuwa wasanii, tulikuwa mumiani, wale wanyonya damu, na ukiwa umeshika dumu la damu huna hoja nzuri ya kujitetea. Mwenyekiti wa kijiji alitulaza kwenye baraza lake mpaka asubuhi, zaidi kwa usalama wetu. Mmoja wetu akailamba ile rangi mbele yao kuonyesha ni sukari na unga, ikawa mbaya zaidi. Mwoneni mwenyekiti na mtendaji mapema, na mkiweza mpeni kijana wa pale pale kazi ya kushika taa.

Hukunitajia kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ni ya mwaka 1976, na kupiga filamu ya kuonyesha watu kunataka kibali cha Bodi ya Filamu, kama ambavyo filamu yenyewe inapaswa kukaguliwa kabla haijaonyeshwa hadharani. Anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Magofu ya mambo ya kale yana ruhusa yake; msiruke ukuta.

Kwa hiyo hela kidogo mliyonayo iende wapi? Chakula cha watu wakati wa mazoezi, mafuta ya taa, nauli ya kwenda kwa mchongaji, na malipo ya mama atakayebangua korosho, ambaye naomba awe mbanguaji kweli na si dada wa chuoni aliyepakwa masizi. Mikono haiigizwi. Dakika 18 zitashuka, nadhani, mpaka 11. Msiogope. Aliyekwambia watazamaji wetu wanataka kila kitu kielezwe hajawahi kukaa na watoto wanaosimuliwa ngano, wakiuliza "halafu?" hawaulizi "kwa nini?"

Na ile kauri. Binti anaisahau kwenye dakika ya 2, na baada ya hapo sikuiona tena mahali popote, hata kwenye mwamba anaporudi kuichukua. Ilikwenda wapi? Mimi ningeiweka mwishoni kabisa, zimwi likiwa limekwisha, binti amelala kwao, mama anafagia maganda ya korosho uani alfajiri. Fagio linasukuma maganda, na katikati yake linasukuma kauri. Mama anaiona. Anaendelea kufagia.